Misaada ya Kibinadamu na Matibabu Vitani: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Tanga

Maswali haya yametoka barazani, misibani, na kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza tunayowapa madereva wa bodaboda wa Ngamiani na Makorora. Mengine yameingia kwenye simu yangu tangu habari za Goma, Sudan na Gaza zilipoanza kufululiza. Mimi ni muuguzi mstaafu. Majibu hayalingani kwa urefu kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito mmoja. Lile la malori kukwama mpakani ndilo linaloulizwa kwa uchungu zaidi, na ndilo nililolikalia muda mrefu.

Misaada ya kibinadamu ni ipi hasa?

Ni chakula, maji, dawa, matibabu, hifadhi ya muda na ulinzi wanaopewa watu kwa sababu moja tu: wana shida. Haiulizi dini, kabila wala chama. Silaha si misaada ya kibinadamu, hata zikisafirishwa kwenye ndege moja na mablanketi. Chakula kinachogawiwa kwa sharti la kuunga mkono upande fulani nacho si misaada ya kibinadamu. Hiyo ni kampeni.

Nani anawajibika kwanza? Si kazi ya Umoja wa Mataifa?

Hapana, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Wa kwanza ni yule anayelishika eneo. Nyumba ikiungua, majirani huja na ndoo, lakini mwenye nyumba hawezi kukaa pembeni akasema kuzima moto ni kazi ya majirani, wala hawezi kufunga geti wasiingie.

Kwa hiyo serikali ya nchi ndiyo yenye dhamana ya kwanza kwa raia wake, hata wale wanaoishi upande ulioasi. Eneo likikaliwa na jeshi la kigeni, dhamana inahamia kwa jeshi hilo na serikali iliyolituma. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, ule unaolinda raia wakati wa vita, umelisema hili waziwazi. Ibara ya 55 inamtaka mkaliaji ahakikishe watu wanapata chakula na dawa kwa kadiri ya uwezo alionao. Ibara ya 56 inamtaka aendeleze hospitali na huduma za afya ya jamii, ikiwemo kuzuia magonjwa ya kuambukiza. Akishindwa, ibara ya 59 inasema ni lazima akubali misaada kutoka nje na airahisishie njia.

Na waasi je? Nao wamo. Ibara ya 3, ambayo imeandikwa kwa maneno yaleyale katika mikataba yote minne, inazifunga pande zote za vita vya ndani: majeruhi na wagonjwa wakusanywe na wahudumiwe. Kundi lenye bunduki haliwezi kusema "sisi hatukusaini."

Mashirika ya misaada huja baada ya hao wote. Wanaziba pengo. Kila unapoona shirika la kigeni linaendesha hospitali nzima peke yake, jua kuna mwenye dhamana ambaye ameshindwa, amekataa au amezuiwa kuitimiza.

Mbona malori yanakaa mpakani wiki nzima na watu wanakufa njaa upande wa pili?

Mzee mmoja wa Chumbageni aliniuliza hili akitetemeka kwa hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Jibu lina sehemu mbili: ugumu wa kweli wa kazi, na ugumu unaotengenezwa na watu.

Tuanze na ule wa kweli. Lori la misaada linahitaji idhini ya nchi linakotoka na nchi linakokwenda. Orodha ya mzigo hupelekwa mapema. Mzigo hukaguliwa, mara nyingi hushushwa wote na kupakiwa upya kwenye lori jingine upande wa pili wa mpaka, kwa kuwa dereva na gari la upande huu haviruhusiwi kuvuka. Kila upande wenye silaha kwenye njia hiyo hupewa taarifa ya saa, barabara na namba za magari, ili wasije wakasema hawakujua. Halafu kuna mafuta, madaraja yaliyovunjika, mabomu ambayo hayajalipuka, na mahali pa kuhifadhi mzigo ukifika. Yeyote aliyewahi kutoa mzigo bandarini hapa Tanga anaelewa jinsi karatasi moja inavyoweza kulala siku nne mezani. Sasa ongeza risasi.

Ugumu wa pili ndio unaouma. Sheria inataka ridhaa ya serikali husika kabla misaada haijaingia, lakini ridhaa hiyo haitakiwi kunyimwa bila sababu ya msingi. Kati ya maneno hayo mawili, "ridhaa" na "sababu", ndipo watu wanapofia.

Chukua Sudan. Vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023 kati ya jeshi la serikali na kikosi cha wanamgambo cha RSF. Njia kuu ya kuifikia Darfur kutoka Chad ni kivuko cha Adré. Mapema mwaka 2024 mamlaka za Sudan zilikifunga zikisema silaha zinapitia hapo. Kilifunguliwa tena Agosti 2024, mwezi uleule ambao wataalamu walithibitisha baa la njaa katika kambi ya Zamzam karibu na El Fasher. Kwa upande wao, RSF waliuzingira mji wa El Fasher kuanzia Mei 2024 mpaka ukaanguka mikononi mwao Oktoba 2025. Serikali ilifunga mlango mmoja, wapinzani wake wakafunga mwingine, na raia walikuwa katikati.

Gaza nayo. Tarehe 2 Machi 2025 Israel ilisimamisha misaada yote kuingia, na haikuruhusu tena mpaka katikati ya Mei, takribani wiki 11 baadaye. Serikali yake ilisema ililenga kuibana Hamas na kuzuia misaada isiibwe. Tarehe 22 Agosti 2025 baa la njaa lilithibitishwa katika mkoa wa Jiji la Gaza, na Israel ikalipinga tangazo hilo. Mimi nasema hivi: hata ukiikubali hoja ya wizi, dawa yake ni ulinzi na ukaguzi. Mtoto wa miaka miwili hawezi kulipishwa kosa la mwizi wa ghala.

Zipo pia bidhaa zinazozuiwa kwa madai kwamba zinaweza kutumika vitani: jenereta, mitungi ya oksijeni, mabomba, hata klorini ya kutibu maji. Baadhi ya hofu hizo zina msingi. Lakini hospitali bila jenereta si hospitali. Usiku mmoja nikiwa zamu, umeme ulikatika na jenereta halikuwaka. Nilimpulizia mtoto mchanga hewa kwa mkono kwa muda wa dakika ishirini. Ilikuwa wakati wa amani, na fundi alikuwa njiani. Huwa nawafikiria wauguzi wenzangu wanaopuliza bila kujua kama kuna fundi.

Je, misaada inaweza kuingia serikali ikikataa kabisa?

Mara chache. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linaweza kuamua hivyo. Lilifanya kwa Syria kupitia Azimio namba 2165 la Julai 2014, likaruhusu misaada kuvuka mipaka bila ridhaa ya serikali ya Syria. Ruhusa hiyo ilipigiwa kura upya tena na tena, vivuko vikapunguzwa mpaka kikabaki kimoja, na mwaka 2023 ruhusa yenyewe ikaisha. Kura moja ya turufu inatosha kuua azimio.

Kuhusu njaa kama silaha, hilo halina mjadala. Itifaki za mwaka 1977, zilizoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, zinakataza kuwatesa raia kwa njaa. Azimio namba 2417 la mwaka 2018 limelaani jambo hilo na limelaani pia kuzuia misaada kinyume cha sheria. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, unaliita uhalifu wa kivita.

Kwa nini hospitali haitakiwi kupigwa? Na kama wapiganaji wamejificha humo?

Nikiulizwa swali hili huwa nawapeleka watu Raskazone, kwa miguu kama inawezekana, tupite Bombo tuliangalie jengo la zamani la Wajerumani linaloitazama bahari.

Novemba 1914, katika vile vita ambavyo wazee wetu waliviita Vita vya Nyuki, Waingereza waliteremsha hapa askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, dhidi ya jeshi la Wajerumani na askari wao Waafrika wasiozidi kiasi cha 1,000. Meli ya kivita HMS Fox ilirusha makombora kuelekea mjini, na moja likaipiga hospitali, mlimokuwa na majeruhi. Waingereza walishindwa wakarudi melini, wakawaacha majeruhi wao nyuma. Madaktari wa Kijerumani wakawatibu, kisha chini ya bendera nyeupe yakafanyika mapatano na majeruhi wale wakakabidhiwa kwa wenzao.

Tazama hilo vizuri. Vita vilevile, mji uleule, siku zilezile: kombora limeipiga hospitali, na hospitali hiyohiyo imemtibu mtu aliyekuja kuuteka mji. Hilo la pili ndilo sheria inataka liwe kawaida.

Ibara ya 18 ya Mkataba wa Nne inasema hospitali za raia zisishambuliwe kwa hali yoyote. Ibara ya 19 inaeleza lini ulinzi huo unakoma: pale tu hospitali inapotumika kumdhuru adui nje ya kazi yake ya utabibu. Hata hapo, lazima kwanza litolewe onyo na muda wa kutosha wa kurekebisha hali. Ibara hiyohiyo inasema kuwepo kwa wapiganaji waliojeruhiwa wodini, au silaha ndogo walizonyang'anywa ambazo hazijakabidhiwa, si kosa la hospitali. Na onyo likishatolewa na kupuuzwa, bado mshambuliaji anabanwa na wajibu wa kupima madhara kwa wagonjwa waliomo.

Kwa hiyo ukisikia "walikuwa wamejificha humo", hilo halijamaliza maneno. Uliza: ushahidi uko wapi, onyo lilitolewa lini, wagonjwa walipewa muda gani, na waliokuwa kwenye mashine walihamishwa vipi? Ukweli wa upande wa pili nao usemwe: anayeficha silaha chini ya wodi amewasaliti wagonjwa, na amevunja sheria ileile.

Makosa haya hayana bendera moja. Tarehe 3 Oktoba 2015 ndege ya Marekani iliipiga hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka huko Kunduz, Afghanistan, na watu 42 wakauawa, ingawa mahali ilipo palikuwa pameshatolewa taarifa. Mei 2016 Baraza la Usalama likapitisha Azimio namba 2286 la kulinda huduma za afya vitani. Oktoba 2025, baada ya El Fasher kuanguka, Shirika la Afya Duniani lilieleza kupokea taarifa za mauaji ya zaidi ya watu 460, wagonjwa na waliokuwa wakiwauguza, katika hospitali ya wazazi ya mji huo.

Daktari akimtibu mpiganaji wa adui, si amemsaidia adui?

Hapana. Amemtibu mgonjwa. Mtu akishajeruhiwa na kuweka silaha chini, kisheria si mpiganaji tena. Mhudumu wa afya hatakiwi kuadhibiwa kwa kumtibu yeyote, na kinachoamua nani atangulie ni hali ya jeraha. Mpiganaji anayevuja damu hutangulia raia aliyevunjika kidole, na raia anayevuja damu humtangulia jenerali aliyevunjika kidole.

Ndugu zetu wa dini zote mbili hapa pwani hawahitaji kuambiwa hili na Geneva. Lakini ni vizuri pia liwe limeandikwa na kusainiwa.

Ni dawa na huduma gani hutangulia?

Watu hutegemea nijibu "madaktari wa upasuaji". Upasuaji unahitajika sana. Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilizidiwa na majeruhi wa risasi na vipande vya mabomu. Ila siku zikienda, kinachoua wengi zaidi ni vitu tunavyovijua hata uswahilini kwetu: kuhara, surua, nimonia, malaria, uzazi.

Maji ndiyo ya kwanza. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Choo kimoja kisizidi watu 20. Chakula kiasi cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Ukipiga hesabu ya kambi ya watu 20,000 unapata lita 300,000 kila siku, vyoo 1,000, na hapo hujagusa dawa hata moja.

Kisha chanjo ya surua, kwa kuwa surua katika hema lililosongamana hupita kama moto kwenye makuti. Chanjo zinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 toka kiwandani hadi begani kwa mtoto, kwa hiyo tunarudi kulekule kwenye jenereta na mafuta. Septemba 2024, baada ya mtoto kupooza kwa polio huko Gaza kwa mara ya kwanza katika miaka 25, pande zinazopigana zilikubali kusimama kwa saa maalumu, eneo moja baada ya jingine, na zaidi ya watoto 550,000 wakapata matone ya raundi ya kwanza ndani ya takribani wiki mbili. Nalitaja hili kila mahali. Wanaosema haiwezekani kusimamisha risasi ili mtoto atibiwe, iliwezekana, tena katikati ya vita vikali.

Dawa za msingi huja zikiwa zimepangwa katika makasha ya dharura ya Shirika la Afya Duniani. Seti kamili hukusudiwa kuhudumia watu 10,000 kwa miezi mitatu. Na watoto hupimwa mkono kwa utepe wenye rangi: chini ya sentimita 11.5, kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano, ni utapiamlo mkali sana, na hupewa kile chakula cha pakiti cha karanga chenye lishe. Kina mama wa kliniki zetu wanaujua utepe huo.

Na wajawazito? Wenye sukari? Wanaotumia ARV?

Hawa ndio wanaosahaulika, na mimi hunisikitisha kuliko yote. Mimba haisubiri mapigano yakome. Katika kila wajawazito 100, kama 15 hupata tatizo linalohitaji mtaalamu: damu kumwagika, kifafa cha mimba, mtoto kukaa vibaya. Kama njia ya kwenda hospitali imefungwa saa za usiku, mama atafia kwenye kizuizi cha barabarani bila risasi kumgusa, na jina lake halitaingia kwenye hesabu ya waliouawa vitani. Ndiyo maana wajawazito waliokaribia kujifungua hugawiwa vifurushi vya kujifungulia: sabuni, shuka la plastiki, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu. Ni kidogo, lakini kinazuia pepopunda.

Mwenye kisukari anahitaji insulini inayokaa kwenye baridi. Wa figo anahitaji mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Wa kifua kikuu na wa ARV akikatiza dawa, ugonjwa hurudi na usugu. Mpango wowote wa serikali wa misaada usiowahesabu hawa, haujakamilika, hata uwe na malori mia.

Kwa nini misaada hudondoshwa kwa ndege? Si ndiyo njia ya haraka?

Ni njia ya mwisho. Ndege hubeba kidogo, hugharimu sana, na mzigo humfikia mwenye miguu ya kukimbia, si bibi mwenye wajukuu watatu. Machi 2024 huko Gaza watu walikufa kwa kuangukiwa na mizigo. Sudan Kusini, ambako mvua hukata barabara kabisa, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) hudondosha chakula kwa mpango: watu wao huwa wametangulia chini, wametenga uwanja na kuandikisha kaya. Hapo inafaa. Lakini mahali penye barabara iliyo umbali wa kilomita chache, kudondosha kwa ndege ni kukiri kwamba mlango umefungwa.

Nani hutangaza baa la njaa?

Si mwandishi wa habari wala shirika moja. Kuna kipimo cha kimataifa kiitwacho IPC, chenye ngazi tano. Ya tano hutangazwa kwa eneo pale angalau kaya 20 katika kila 100 zinapokuwa zimekosa chakula kabisa, watoto 30 katika kila 100 wana utapiamlo mkali, na watu wawili katika kila 10,000 wanakufa kila siku kwa njaa au njaa ikichanganyika na maradhi. Ukikisoma kipimo hiki kwa makini utaona jambo la kutisha: tangazo likitoka, watu walishaanza kufa kitambo. Serikali isingoje tangazo.

Askari wetu wa kulinda amani ndio wanaogawa misaada?

Kwa kawaida hapana. JWTZ wamekuwa mashariki mwa Congo tangu brigedi ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013, na wapo walioacha maisha yao huko. Familia zao tunaishi nazo. Kazi yao ni ulinzi. Mashirika ya afya hukwepa kupanda magari ya jeshi lolote, hata la walinda amani, ili anayepigana na askari hao asiione kliniki kuwa kambi ya adui. Isichukuliwe kama dharau kwa vijana wetu.

Tutajuaje kama misaada inawafikia walengwa?

Wizi upo. Goma ilipoanguka, maghala ya misaada yaliporwa, yakiwemo ya dawa. Kinachosaidia ni kuandikisha kaya kwa majina, kugawa kwa kina mama moja kwa moja, kutangaza kipimo hadharani ("kila kaya, kilo kadhaa, lita kadhaa") ili kila mtu ajue haki yake, na kuwarudia watu majumbani kuuliza walipata nini. Anayejua haki yake ni kilo kumi atapiga kelele akipewa sita.

Wakimbizi wakifika hapa kwetu, wana haki gani?

Wilayani Handeni, mkoa wetu huuhuu, kuna Chogo. Wanaoishi pale asili yao ni Wazigua waliochukuliwa utumwani karne ya 19 wakapelekwa Somalia, wakaishi huko vizazi kadhaa bila kuiacha lugha ya Kizigua. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipowafukuza, wengine walishuka mpaka kwetu. Serikali iliwapokea Mkuyu, baadaye ikawapa ardhi Chogo, na wengi wao hatimaye wakapewa uraia wa Tanzania. Kwa hiyo mtu wa Tanga akiniuliza "wakimbizi wanatuhusu nini", namjibu kwamba wengine ni shangazi zetu waliochelewa kurudi nyumbani.

Nchi hii imepokea wengi. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ipo tangu 1996. Kisheria, Tanzania imejifunga kwa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, na Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998. La msingi ni kwamba mtu asirudishwe kwa nguvu mahali ambapo maisha yake yako hatarini. Akifika kwako, mpe maji, mpeleke kwenye zahanati kama anaumwa, kisha mfikisheni serikali ya mtaa ili aandikishwe. Kumficha ndani hakumsaidii.

Dada, tunataka kuchanga. Tupeleke nguo na dawa?

Pelekeni pesa. Nawaomba sana.

Mtaani kwetu tuliwahi kukusanya makasha ya dawa kwa moyo safi kabisa. Watu walileta walichokuwa nacho: vidonge nusu karatasi, dawa za maji za watoto zilizokwisha funguliwa, matone ya macho. Waliotuahidi kuzisafirisha walizikalisha miezi kadhaa kwenye stoo yenye joto. Zilipochambuliwa hazikupatikana hata za kujaza sanduku moja, na tulichanga tena pesa ili zichomwe inavyotakiwa. Niliumia, kwa sababu bibi mmoja alikuwa ametoa dawa zake za presha akijinyima.

Si sisi peke yetu. Huko Bosnia, kati ya 1992 na 1996, wakati wa vita na mara baada yake, ilikadiriwa tani 17,000 za dawa zilizopelekwa hazikufaa kitu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka dawa ya msaada iwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda inapofika, na isiwe iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa. Pesa hununua dawa sahihi, karibu na eneo, kwa lebo ya lugha inayosomeka.

Toeni kupitia chombo kinachojulikana: Chama cha Msalaba Mwekundu, ambacho nchini kipo kisheria tangu 1962, au msikiti na kanisa lenye kamati na hesabu zilizo wazi. Ukituma kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Omba risiti. Anayekasirika ukiomba risiti, usimpe.

Picha za majeruhi tunazotumiwa, tuzisambaze?

Usisambaze uso wa mgonjwa ambaye hakukuruhusu. Huyo ni mama au mtoto wa mtu. Picha nyingi ni za vita vingine, za miaka iliyopita, na ikigundulika hivyo hata zile za kweli hazitaaminika.

Mwanangu ni muuguzi na anataka kwenda kujitolea. Aanzie wapi?

Asipande basi kwenda mwenyewe. Mashirika makini huajiri kwa mkataba na bima, hutoa mafunzo ya usalama, na mara nyingi hutaka uzoefu wa miaka miwili hivi kazini. Leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iwe hai. Kama macho yake yako Congo, Kiswahili kitamfikisha kwa wagonjwa wa mashariki, lakini faili za hospitali zimeandikwa kwa Kifaransa. Aanze kukisoma sasa. Kwa Sudan, Kiarabu.

Na wakati anasubiri, aje tumfundishe kufundisha. Vijana wa bodaboda wanahitaji mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kulikandamiza jeraha linalomwaga damu: kitambaa safi, mikono miwili, uzito wote wa mwili, dakika kumi bila kuachia wala kuchungulia.